Isiolo, Mji wa Kusubiri na Kinywaji cha Msafiri

Kabla lami haijafika, safari ya kwenda Moyale ilianzia kwenye kizuizi cha barabarani, upande wa kaskazini wa mji wa Isiolo. Hapo magari yalisimama, askari wakaandika majina kwenye daftari, na madereva wa malori wakaulizana nani yuko tayari kuongozana na nani. Msafara ulipotimia waliondoka, mara nyingi wakiwa na polisi. Usipotimia, abiria walilala. Na aliyelala Isiolo alihitaji vitu viwili: mahali pa kutandika mkeka, na kitu cha kunywa.

Historia ya mji huu inaweza kusimuliwa kwa vita, kwa mifugo au kwa barabara. Inaweza pia kusimuliwa kwa kinywaji alichoandaliwa msafiri jioni alipongoja.

Waingereza walipoingia kaskazini walikwenda hatua kwa hatua, kambi baada ya kambi. Archers Post, kituo kilicho kando ya mto Ewaso Ng'iro kaskazini kidogo mwa Isiolo, kina jina la Geoffrey Archer, ofisa wa kikoloni aliyepiga kambi huko mwaka 1909. Baadaye Isiolo yenyewe ikawa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile iliyojulikana zaidi kwa herufi zake tatu za Kiingereza, NFD. Serikali iliiona wilaya hiyo kama ngao ya kuikinga nchi ya walowezi na Ethiopia pamoja na Somalia, basi ikaifunga. Kwa Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902, na baadaye Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934, mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Isiolo ilikuwa mlango, na mlangoni watu husimama.

Si watu peke yao. Mifugo iliyoteremshwa kutoka Wajir, Marsabit na Moyale kwenda kuuzwa bara ilizuiwa Isiolo kwa karantini, kwa hofu ya magonjwa kuwafikia ng'ombe wa walowezi. Mfanyabiashara aliyefika na kundi lake hakujua ataondoka lini. Baada ya uhuru, kazi ya kununua na kuhifadhi mifugo ilikabidhiwa idara iliyoitwa kwa Kiingereza LMD. Mtaa wa LMD bado upo Isiolo hadi leo, na anayeupita anakanyaga palipokuwa malisho ya kungojea.

Walioamua kukaa karibu na mlango huu walitoka pande nyingi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali wa koo za Isaaq na Herti waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa ruhusa ya kuishi na kulisha mifugo Isiolo, wakawa wachuuzi wa ng'ombe na wenye maduka. Miaka ya 1930 Waborana waliosukumwa kutoka Wajir waliteremka hadi bonde la Ewaso Ng'iro, nao wakajulikana kama Waborana wa Waso. Waturkana walikuja kama vibarua. Wasamburu walikuwa jirani upande wa magharibi, na Wameru walishuka kutoka vilima vya Nyambene na mafurushi ya miraa. Kila mmoja alikuja na kinywaji chake.

Wameru walikuwa na uki, pombe ya asali iliyochachushwa kwa tunda la mti wa muratina. Ni kinywaji cha wazee, cha mahari na cha kumaliza kesi. Lakini katika mji wenye Waislamu wengi hakikuweza kuwa cha baraza. Kilibaki nyuma ya nyumba na upande wa vilima.

Waborana walikuwa na buni. Aliyezoea kahawa ya kahawani Mombasa, chungu na bila maziwa, angeshangaa kuona inavyoandaliwa kwa Mborana. Buni haisagwi. Huachwa nzima na ganda lake, kila punje ikakatwa ncha kwa meno, kisha ikakaangwa kwa samli hadi ianze kupasuka na kulia. Tendo hilo la kukata ncha huitwa qala, yaani kuchinja, na buni qala huhesabiwa kama mnyama mdogo aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni na kwa ajili ya dua. Mzee hubariki, samli iliyonukia hupakwa usoni na mikononi, punje zikatafunwa, na maziwa yakafuata. Katika baraka za Waborana, kahawa na amani hutajwa pamoja, na mtu huombewa asikose hata kimoja.

Kisha kuna maziwa ya ngamia.

Kwa wafugaji wa kaskazini, maziwa yalikuwa haki ya mgeni kabla hajaulizwa habari. Kuyauza ilikuwa aibu, kama mtu wa pwani angemtoza mgeni wake maji ya mtungini. Chombo chenyewe kilikuwa kazi ya wanawake: kibuyu au chombo cha nyuzi zilizosukwa kwa kubana hadi kisivuje, ambacho ndani yake hufukizwa kwa kijiti kinachofuka moshi cha mti uliochaguliwa. Moshi ule husafisha chombo, huchelewesha maziwa kuharibika na huyatia ladha ambayo mtu akiizoea huona maziwa ya kiwandani kama maji. Yakiachwa yachache taratibu huwa susa, maziwa makali na mepesi, ya kukata kiu ya safari.

Uhuru ulipokaribia, mlango haukufunguliwa. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu wa Kiborana Haji Galma Diida wakiwa safarini kuelekea Modogashe. Jina la Wabera limebaki kwenye mtaa wa katikati ya Nairobi na kwenye wadi ya Isiolo. Hali ya hatari ilitangazwa kabla mwaka huo haujaisha, na vita vya shifta, waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikadumu hadi 1967. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa kambini, na mifugo ikafa kwa risasi, kwa kukosa malisho na kwa kunyang'anywa. Ngamia ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alihesabiwa kuwa usafiri wa shifta. Familia zilizokuwa zikimnywesha mgeni maziwa zikawa zinasubiri mgao wa unga.

Sheria za dharura za mkoa wa kaskazini mashariki na wilaya jirani, Isiolo ikiwemo, ziliendelea kutumika hadi 1991. Miaka hiyo yote wakaazi wa upande wa pili wa kizuizi, walipopanda lori la kuteremka Nairobi, waliaga kwa kusema wanakwenda Kenya.

Lori lenyewe ndilo lililokuwa basi. Kutoka Moyale liliteremka na ng'ombe, na abiria wakakaa juu yao, wameshikilia vyuma. Lilirudi na unga, sukari na sabuni, abiria wakakaa juu ya magunia. Zaidi ya kilomita 500 kati ya Isiolo na Moyale zilichukua siku mbili au tatu wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha hakuna aliyehesabu. Kwa hiyo mkahawa wa Isiolo ulikuwa wa mwisho kwa anayepanda na wa kwanza kwa anayeshuka. Chai iliyopikwa na maziwa na viungo ilimiminwa kutoka kwenye birika kubwa, na vumbi likaoshwa kooni kabla ya kuoshwa usoni.

Mabadiliko makubwa katika biashara ya vinywaji yalianzia mbali na Isiolo. Januari 1991 serikali ya rais wa Somalia, Siad Barre, ilianguka Mogadishu. Wakimbizi walijaa Kenya, na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi ukakua kwa kasi, ukiwa na maelfu ya watu waliolelewa kwa maziwa ya ngamia na sasa wanaishi ghorofani, pasipo ngamia hata mmoja. Walikuwa tayari kulipa. Aibu ya zamani ilikutana na ada ya shule na kodi ya nyumba, na wanawake wa Isiolo, wengi wao Wasomali, wakaanza kukusanya maziwa na kuyapakia kwenye mabasi ya Nairobi.

Mexico ina kinywaji chenye kisa kinachofanana na hiki. Mgeni anayefika Mexico City leo huuziwa jioni ya kuonja pulque na mezcal. Pulque, utomvu wa mmea wa maguey uliochachuka, ni ya kale kuliko nchi yenyewe, nayo huharibika upesi. Katika karne ya 19 treni ziliibeba kutoka tambarare za Apan hadi jijini. Baadaye bia iliishinda, na pulque ikasingiziwa uchafu na ushamba, mpaka vijana na watalii walipoirudia.

Maziwa ya ngamia yalipitia dharau ya namna hiyo. Shirika la maziwa la KCC, lililoanzishwa na walowezi mwaka 1925, lilijengwa juu ya ng'ombe, na kwa miongo mingi neno maziwa katika mipango ya serikali lilimaanisha maziwa ya ng'ombe tu. Ngamia hakuwa na kiwanda, wala bei, wala bwana mifugo wa kumtetea. Tofauti ni hii: pulque ilirudishwa na vijana na watalii, lakini maziwa ya ngamia yalipandishwa na wenyewe waliohamia mjini.

Kundi linalojulikana zaidi Isiolo ni ushirika wa wanawake wa Anolei. Alfajiri bodaboda huingia kutoka malishoni na mitungi imefungwa pande zote mbili. Mwanamke mwenye uzoefu hufungua, hunusa, huonja, na mara moja anajua yaliyokamwa jana na ya leo, na yaliyochanganywa maji. Mazuri humiminwa kwenye mitungi ya lita 20 na kupandishwa basi. Yaliyoanza kuchacha hutengwa yauzwe kama susa. Saa chache baadaye yako Eastleigh, kwenye vibanda na migahawa inayouza maziwa kwa glasi.

Idadi ya ngamia nayo imepanda. Sensa ya 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3 nchini Kenya. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya milioni 4.6. Ukame uliorudi tena na tena umewafunza hata wafugaji wa ng'ombe kwamba ngamia hula majani ya juu na kustahimili siku nyingi bila maji, na huendelea kukamwa ng'ombe anapokauka.

Kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Basi linaloondoka Nairobi jioni humfikisha abiria mpakani kesho yake, na Isiolo ikawa kituo cha kunyoosha miguu usiku wa manane. Uwanja wa ndege umejengwa, na mipango ya ukanda wa usafiri wa LAPSSET, iliyozinduliwa Lamu Machi 2012, imeuchora mji huu kama njia panda ya kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Hakuna tena anayelala Isiolo kwa kungojea msafara.

Watalii wa mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba nao hupita mjini na vioo vya gari vimefungwa, wakielekea hoteli zinazowaandalia ngoma za morani na vinywaji vya barafu kando ya mto. Wachache hujua kwamba Elsa, simba jike wa kitabu cha Joy Adamson, alilelewa Isiolo. Na wachache zaidi husimama sokoni.

Anayepata nafasi ya kusimama afike asubuhi mapema, kabla mabasi ya maziwa hayajaondoka, aombe kikombe kutoka kwenye chombo cha kienyeji badala ya mtungi wa plastiki. Akisikia ladha ya moshi asidhani maziwa yameungua. Ni chombo kilichofukizwa jana jioni.