Namba za Ubavuni mwa Tairi

Ubavuni mwa kila tairi mna namba, na ni wachache kati yetu wanaoinama kuzisoma. Mimi nimezisoma tangu ujana. Nilikulia Sitalike, na zamani hizo tairi ndilo lililoamua kama utafika Mpanda au utalala njiani ukisikiliza viboko wa mto Katuma. Tena marehemu kaka yangu alikuwa fundi wa magari, na nyumbani kwetu mazungumzo ya vipimo hayakuisha. Miaka ya karibuni namba hizo zimenirudia kwa sababu ya gari alilotuachia, Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, ambalo mwanawe wa kwanza ameamua kulifufua. Tulikubaliana juu ya injini na juu ya rangi. Tulichogombania, tena kwa miezi, ni kipimo cha matairi na rimu.

Nianze na tairi nililolijua kwanza, maana hoja yangu yote imetoka hapo. Ni lile la Land Rover. Gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1948 lilikuja na tairi lililoandikwa 6.00-16, yaani upana wa inchi 6 na rimu ya inchi 16. Baadaye Land Rover ndefu zikapewa 7.50-16. Ukiyatazama leo, matairi hayo ni membamba hata unaweza kudhani ni ya mkokoteni, lakini ni marefu, kama sentimita 73 la kwanza na kama 80 la pili kutoka chini hadi juu. Wembamba na urefu huo haukuwa ubahili. Udongo mweusi wa mbuga za Katavi ukinyeshewa huwa kama ugali usioiva, unanata na kuteleza kwa wakati mmoja. Tairi jembamba hulikata tope na kushuka kutafuta ardhi ngumu iliyo chini, ilhali pana huelea juu na kulipeleka gari linakotaka lenyewe. Kwenye mchanga mambo hugeuka, huko unataka upana, na madereva wa zamani waliupata kwa kupunguza upepo tu, tairi likalala na kutanuka, wakishavuka wakalijaza tena kwa pampu ya mkono. Watu wa hifadhi walijua hayo tangu kabla Katavi haijafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, na wakulima wenye matrekta walijua pia.

Matairi hayo ya kwanza yalikuwa ya nyuzi zilizopishana mshazari. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilichukua hataza ya tairi la namna nyingine, nyuzi zake zikienda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mkanda wa waya wa chuma chini ya sehemu inayokanyaga barabara. Ndiyo maana ya herufi R utakayoiona katikati ya namba. Tairi la R hudumu zaidi na hushika barabara vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Waliolalamika ni mafundi wa katambuga. Tairi la zamani ukilikata lilitoa kiatu laini, lakini la waya humchoma mvaaji kisigino, kwa hiyo fundi mwangalifu hukwepa mkanda akachukua ubavu peke yake.

Pamoja na R ulikuja mchanganyiko wa vipimo ambao mpaka leo unawasumbua wanunuzi. Upana ukaanza kuandikwa kwa milimita, rimu ikabaki kwa inchi. Datsun 240Z, iliyotolewa Japani mwishoni mwa 1969, ilivaa 175 HR 14: upana wa milimita 175, rimu ya inchi 14, na H kuonyesha kwamba tairi lilithibitishwa hadi kilomita 210 kwa saa. Urefu wa ukuta haukuandikwa, kwa kuwa enzi hizo ulichukuliwa kuwa kiasi cha asilimia 80 ya upana. Baadaye, kuta fupi zilipoenea, ndipo ikalazimu kuandika namba ya pili baada ya mkwaju, 70, 60, hata 40.

Gari hilo sisi tulilijua kwa redio kabla ya kuliona kwa macho. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita Tanzania mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na gari la pili lilikuwa 240Z pia, la Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun. Mwaka uliofuata mashindano yakabaki Kenya. Gari la 1971 Nissan wamelihifadhi kwao Japani, likiwa bado na majeraha ya safari. Mtu akitazama picha zake atashangaa: gari lililowashinda wote kwenye tope na mawe ya Afrika Mashariki lilisimama juu ya matairi membamba yenye ukuta mrefu.

Kaka alilipata la kwake Arusha, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Arusha ulikuwa mji mzuri kwa mtu wa matairi, kwani palikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Marekani. Kisha ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vikawa vya kuota. Gari likaletwa Sitalike juu ya lori, likawekwa chini ya banda. Kaka alilishusha barabarani mara moja moja tu, na kila aliporudi alilipandisha juu ya magogo ili matairi yasikae na uzito.

Mpwa wangu, nimwite hivyo ingawa kwa mila ni mwanangu kabisa, anaishi Dar es Salaam. Alikuja na picha: rimu za inchi 17 zinazong'aa, na tairi la 215/40. "Baba mdogo," aliniambia, "barabara si zile zenu. Lami imefika mpaka hapa."

Ni kweli, kutoka Mpanda hadi Sitalike sasa ni lami, kama kilomita 35. Tena hoja zake nyingine si za kitoto. Matairi ya inchi 17 yanapatikana kwa urahisi, yanashika lami vizuri, na ndani ya rimu kubwa unaweza kufunga breki kubwa zaidi. Nikachukua karatasi. Inchi 14 ni milimita 356. Ukuta wa tairi la asili ni kama 140, mara mbili ni 280, jumla 636. La kwake: inchi 17 ni milimita 432, ukuta ni 86, jumla 604. Gari lingeshuka kwa milimita 16, nalo limezaliwa fupi. Kipima mwendo kingesema 100 wakati unakwenda 95. Hayo mtu anaweza kuyavumilia. Jambo zito ni ule ukuta. Milimita 140 za mpira na hewa ndizo springi ya kwanza ya gari. Ukizikata zikabaki 86, shimo ambalo tairi lingelimeza litafika kwenye rimu, na rimu ya aloi ikipasuka usiku katikati ya hifadhi hakuna nyundo itakayoinyoosha. Zaidi ya hayo, nyuma ya 240Z kikalio cha springi kiko karibu sana na tairi, hivyo kila upana unaoongeza lazima uupeleke nje, mpaka unaanza kula madigadi.

Nilimpa pia kisa cha mwaka 1975. Michelin waliamua kuumaliza ule mchanganyiko wa vipimo kwa kutengeneza rimu za milimita, wakaziita TRX. Lilikuwa tairi jema kwelikweli. Lakini rimu hizo hazikukubali tairi jingine lolote, na waliobaki na magari hayo sasa hulitafuta nchi kwa nchi na kulilipia ghali. Nikamwambia, mwanangu, chagua kipimo anachotumia jirani yako.

Hapo alinyamaza, kisha akaniuliza kama tungeweza basi kuyaacha yale ya baba yake, maana mifereji yake ilikuwa mizima. Nilijua swali hilo halikuwa la fedha. Nilimwinamisha tukasoma namba ya kiwandani, ile inayotaja wiki na mwaka. Ilikuwa ya tarakimu tatu. Tangu mwaka 2000 huandikwa nne, kwa hiyo matairi yale yalikuwa ya karne iliyopita, na ukutani yalikuwa na nyufa za kuingiza ukucha. Alitaka kwenda nayo Mpanda tu na kurudi. Nilikataa, na nilimficha funguo.

Tulichofunga ni 185R14C, tairi la magari madogo ya abiria na mizigo, ambalo Mpanda halikosekani. Kimo chake ni kama milimita 650, linaingia kwenye rimu za chuma za asili tulizozisugua kutu na kupaka rangi, na kuongezeka kwake hakufiki asilimia 3. Halina H, na mwendo wa kilomita 200 kwa saa tumeuacha. Ukuta wake ni mgumu kwa gari la tani moja, kwa hiyo tunajaza upepo pungufu ya ule wa magari ya mizigo, tukiupima asubuhi kabla jua halijapasha mpira. Tumenunua sita, nne za kutembelea na mbili za akiba. Rimu moja inavujisha upepo ukingoni, hiyo tumeiwekea tyubu. Picha ya rimu za inchi 17 bado anayo kwenye simu.