Jane Eyre Alikuwa na Mubaba

Kila nikilalamika kuhusu dem wa miaka 18 na mzee wa 40 kwenye riwaya za mapenzi, kuna msee hunijibu, "Enzi hizo ilikuwa kawaida." Sawa, twende enzi hizo.

Uingereza, 1847. Charlotte Brontë anachapisha Jane Eyre kwa jina la kujificha, Currer Bell. Jane ana miaka 18, yatima, mwalimu wa nyumbani kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwaka. Rochester anakaribia 40. Nyumba ni yake, mshahara wa Jane unatoka mfukoni mwake, ameshazunguka Ulaya na kupenda huko, na juu kwenye orofa amemfungia mke ambaye Jane hajui yupo.

Kawaida? Ndani ya kitabu chenyewe Bi. Fairfax, mtunza nyumba, anamwonya Jane kuhusu hiyo miaka 20 na kuhusu matajiri na wafanyakazi wao. Kumbe hata wao waliona.

Sehemu inayonimaliza ni ya madukani. Rochester anataka kumnunulia hariri na vito, na kila anavyozidi kununua, Jane anazidi kujiona mdogo. Anaamua kumwandikia ami yake aliye Madeira, angalau siku moja apate chake. Manze, barua hiyo ndiyo inavunja harusi! Inamkuta ami akiwa na shemeji ya Rochester, kaka wa yule mke aliyefichwa. Jane alikuwa anatafuta tu pesa zake mwenyewe, akafichua uongo.

Anatoroka karibu mikono mitupu, analala nje, anaomba chakula. Baadaye ami anafariki na kumwachia pauni 20,000. Anagawana na binamu zake watatu, anabaki na 5,000. Hapo ndipo anamrudia Rochester, ambaye sasa nyumba imeungua, mke amekufa kwenye moto huo, na yeye ni kipofu aliyepoteza mkono mmoja.

Ile miaka 20 bado iko palepale. Kilichobadilika ni kwamba Jane amekuja kwa miguu yake na anaweza kuondoka.

Bado nina shida na mwisho huo. Ilibidi mwanamke mwingine afe ndio hawa wawili walingane. Na kwa sheria ya wakati huo, mwanamke akiolewa, pesa zake kwa kawaida zilikuwa za mume. Sheria ya kumwachia mke mali yake yote ilikuja 1882.

Mimi niliacha chuo bila mpango. Najua mwezi ukiisha na kodi haijalipwa, mtu wa kukulipia anaweza kufanana sana na mapenzi. Kwa hivyo siku hizi sianzi na "amekuzidi miaka mingapi?" Nauliza: ukiamua kuondoka leo, una nauli yako?