Subiani, Kigego na Uso wa Mtoto: Filamu za Kutisha Mbele ya Watazamaji wa Matrah

Neno subiani lilivuka bahari likampoteza mama yake. Kwa Kiarabu, Oman na kwengineko, jina kamili ni Umm al-Sibyan, yaani mama wa watoto: jini wa kike anayesemwa kuwa huwavizia wachanga, akawatia homa na degedege. Sibyan peke yake maana yake ni watoto tu, hasa wavulana. Waswahili walipolipokea jina hili, mara nyingi waliliacha lile umm na kubaki na subiani. Kwa hiyo kiumbe anayemdhuru mtoto akaja kuitwa, bila ya mtu kukusudia, kwa jina la mtoto mwenyewe.

Matrah ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa sababu hapo majina yote mawili yanaishi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo warejee, familia nyingi zilizokuwa zimekaa vizazi kadhaa Unguja, Pemba, Mombasa na hata Bujumbura ziliteremka katika eneo la Maskati. Wilaya ya Matrah, ambayo haiishii kwenye soko na forodha bali inazichukua pia Ruwi, Wadi Kabir na Wadi Adai, ikawa mojawapo ya sehemu ambazo Kiswahili kinasikika madukani na mabarazani bila ya kumshangaza mtu. Waliorejea walikuja na ada zao za kutazama sinema. Zanzibar ilikuwa na majumba ya sinema tangu zama za ukoloni, na jengo la Majestic, lililojengwa upya katikati ya miaka ya 1950 baada ya moto, bado linakumbukwa na wazee. Oman waliyoikuta ilikuwa ndiyo kwanza inafungua macho: televisheni ya Oman ilianza kurusha matangazo Novemba 1974, na Star Cinema ya Ruwi, lile jengo la mviringo, ikawa makao ya filamu za Kihindi.

Kabla ya kuifikia skrini, hata hivyo, hatuna budi kumtazama mtoto wa kutisha ambaye Waswahili walikuwa naye zamani kabla ya sinema kubuniwa. Huyo ni kigego. Kamusi zimemhifadhi: mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au aliyezaliwa nayo, au aliyetanguliza miguu. Alihesabiwa kuwa ni mkosi. Ilidhaniwa kwamba akiachwa aishi, atawamaliza jamaa zake mmoja mmoja, na zipo jamii za pwani na bara yake ambazo zilimuua au kumtupa. Leo neno hili limelegea, na mtu mkorofi au mwenye kisirani anaweza kuitwa kigego kwa mzaha. Historia imo humo ndani, lakini, na haina mzaha.

Ni muhimu kuitambua tofauti iliyopo kati ya kigego na mtoto aliyeingiliwa na subiani, maana kila kitakachofuata kinaitegemea. Ubaya wa subiani uko nje ya mtoto. Mtoto amevamiwa, naye ni mgonjwa, kwa hiyo familia humkusanyikia: huvishwa hirizi, huandikiwa kombe akanywa, husomewa. Ubaya wa kigego umo katika mwili wake mwenyewe, katika ufizi. Hakuna cha kumtoa ndani yake, kwa kuwa yeye ndiye hicho kinachotakiwa kutolewa. Hofu inaweza kuwa moja katika nyumba mbili, lakini nyumba moja inamfungia mtoto mlango ili asidhurike, nyingine inamfungia akiwa nje.

Sinema ya bei nafuu iliichagua njia ya pili, na sababu ya mwanzo ilikuwa fedha. Filamu ya Kiingereza Village of the Damned, iliyoongozwa na Wolf Rilla na kutoka mwaka 1960, ndiyo mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi. Ilitokana na riwaya ya John Wyndham ya mwaka 1957. Studio ya MGM iliikusudia kwanza itengenezwe Marekani, lakini kisa cha wanawake wa kijiji kizima kushika mimba bila ya wanaume kilizusha hofu ya kuwaudhi Wakatoliki, basi kazi ikahamishiwa Uingereza na kufanywa kwa bajeti ndogo katika kijiji cha Letchmore Heath, Hertfordshire. Kwenye filamu hakuna jini la kujengwa wala jumba la kubomolewa. Kuna watoto wenye nywele nyeupe, nguo safi na adabu nyingi, wanaosimama na kutazama. Macho yao yaling'arishwa baadaye kwa ufundi wa picha, na hiyo ndiyo gharama kubwa ya kutisha iliyomo. Uso wa mtoto usiocheka ni kitisho rahisi kuliko vyote ambavyo mtengenezaji wa filamu anaweza kukipata. Jini ni lazima umtengeneze, mtoto unamwazima kwa jirani.

Niliitazama kwa mara ya kwanza nikiwa masomoni Ulaya, katika darasa lililokuwa likicheka hapa na pale. Maoni yaliyofuata yalihusu iwapo filamu imezeeka, iwapo nywele zile za bandia zinaonekana, iwapo watoto wale ni mfano wa hofu ya Ukomunisti. Hakuna aliyesema neno juu ya mwisho wake, ambapo mwalimu anaingia darasani na bomu ndani ya mkoba, akifikiria ukuta wa matofali ili watoto wasiisome akili yake, kisha anajilipua pamoja nao. Kifo cha darasa zima la watoto kilipita kama suluhisho la hesabu. Nadhani kilipita hivyo kwa sababu kila mmoja ukumbini alijua kwamba akitoka nje hatakutana na mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuwatafuta watoto wa namna ile.

Hali haikuwa hivyo kwa filamu ya Kinaijeria End of the Wicked ya mwaka 1999. Mwongozaji wake ni Teco Benson, lakini mwenye kisa na mwenye mali ni mhubiri Helen Ukpabio wa Calabar, kupitia Liberty Films, tawi la kanisa lake mwenyewe. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, kwa video, kama zilivyokuwa filamu za Nollywood za muongo ule uliofunguliwa na Living in Bondage mwaka 1992. Watoto humo huingizwa uchawini kwa chakula wanachopewa na wenzao, usiku roho zao huhudhuria baraza la Shetani, na wazazi wao ndio wanaoangamizwa. Katika miaka iliyofuata, jimbo la Akwa Ibom lilijaa habari za watoto waliopigwa, waliochomwa na waliofukuzwa majumbani kwa kuitwa wachawi. Mwaka 2008 filamu ya hali halisi ya Channel 4 ya Uingereza ililifikisha jambo hili kwa ulimwengu, na mwaka huo huo jimbo likapitisha sheria ya haki za watoto iliyoweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayemwita mtoto mchawi.

Ukpabio alikana kwamba filamu yake ndiyo chanzo. Mwaka 2010, alipohojiwa na mwandishi wa New York Times, aliuliza kwa hasira kama kuna mtu anayemdhania Harry Potter kuwa ni kweli, akadai kwamba anashukiwa kwa sababu tu yeye ni Mwafrika. Wako wasomi waliolicheka swali hili. Mimi naona linastahili jibu la heshima, maana nusu yake ni ya haki. Ni kweli kwamba maandishi mengi juu ya watazamaji wa Kiafrika yanawachukulia kama watu wasioweza kutofautisha mchezo na jambo lililotokea. Huo ni upuuzi, na ni upuuzi wa zamani: wakoloni wa Kiingereza waliujengea sera nzima ya udhibiti wa filamu Afrika Mashariki.

Nusu ya pili ya swali ndiyo isiyosimama. J. K. Rowling hana kanisa. Hakuna aliyetoka kwenye Harry Potter akamkuta mwandishi mlangoni, akiwa na kitabu kinachoorodhesha dalili za mtoto mchawi na ibada ya kumfungua. Tena tuziangalie dalili zenyewe zinazotajwa katika mafundisho ya namna hii: homa, kulia usiku, kudhoofika. Mama yeyote wa Matrah angekwambia hizo ni dalili za mtoto.

Filamu za Kinaijeria ziliwafikia wasemaji wa Kiswahili zikiwa na mkono wa tatu ndani yake, yule mtafsiri. Dar es Salaam, watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, wakiongeza mizaha, methali na hukumu zao. Filamu za kutisha za Kitanzania zilifuata, na Mussa Banzi, kwa Nsyuka na Shumileta za mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Diski hizi zilisafiri. Aliyetoka Unguja kuja Maskati kutembelea ndugu alizitia mkobani pamoja na karafuu na ubuyu.

Nimewahi kukaa na familia moja ya Matrah ikitazama filamu ya Kinaijeria ya aina hii, yenye binti wa miaka minane hivi anayemmaliza baba yake kwa uchawi. Vijana walilalamikia picha mbovu na damu iliyofanana na tomato. Baba mwenye nyumba alitaka kujua mhubiri anayetokea mwishoni analipwa na nani, nami nimelichukua swali lake nikalifanya langu. Bibi yao, mzaliwa wa Pemba, alikuwa na ugomvi na kisa chenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "mtoto huyo hana makosa. Kachezewa. Mbona hawamsomei?" Mhubiri kwenye skrini alikuwa akimsomea, tena kwa sauti kubwa, na nilimwambia hivyo. Akasema kule si kumsomea, ni kumkaripia.

Yule bibi alikuwa anaamini majini kuliko mtu yeyote chumbani, na ndiye aliyemtetea binti. Imani yake haikumfanya mtazamaji dhaifu, bali ilimpa kipimo. Yeye alijua, kwa elimu ya subiani, kwamba uovu una jina lake na mtoto ana lake, na filamu iliyochanganya majina hayo mawili ilikuwa kwake filamu mbaya, kama vile kwa wajukuu zake filamu ilikuwa mbaya kwa sababu ya damu ya tomato. Sisemi kwamba elimu hiyo ina salama tupu. Mtoto mwenye kifafa aliyenyweshwa makombe badala ya kupelekwa hospitali amedhulumiwa pia. Lakini hakufukuzwa.

Ghuba yenyewe imejaribu kutengeneza filamu ya kutisha kwa malighafi yake. Djinn, ya Tobe Hooper, ilitengenezwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu na kuonyeshwa mwaka 2013 baada ya kucheleweshwa sana. Inahusu mume na mke waliofiwa na mtoto wao mchanga, wanaorejea kutoka New York na kukaa katika jengo lililosimamishwa penye kijiji cha kale cha wavuvi. Ndani yake mna mzazi, mtoto na jini, mambo ambayo bibi wa Matrah angeyatambua mara moja, lakini yamepangwa kwa mpango wa Hollywood, ambapo mtazamaji hutakiwa amshuku kila aliyemo ndani ya nyumba. Filamu hiyo haina nguvu, na sioni haja ya kuitetea.

Katikati ya bara letu, mambo hayakungoja filamu. Kongo, kuanzia miaka ya 1990, vita, umaskini na vifo vya wazazi viliwaachia jamaa wa mbali watoto ambao hawakuwa na uwezo wa kuwalisha, na makanisa ya uamsho yakawapa jamaa hao neno la kuwaondolea aibu: ndoki. Mtaalamu wa anthropolojia Filip De Boeck ameeleza vizuri jinsi mtoto wa Kinshasa alivyogeuka kutoka baraka kuwa tishio katika muda wa kizazi kimoja. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inataja kwa jina kosa la kumtuhumu mtoto uchawi. Ni katiba chache duniani zilizolazimika kuandika maneno hayo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikaongeza adhabu.

London nayo haikusalimika. Kristy Bamu, kijana wa miaka 15 wa familia ya Kikongo, alikwenda na ndugu zake kumtembelea dada yao mashariki ya jiji hilo wakati wa Krismasi ya mwaka 2010. Dada huyo na mwenzake waliwatuhumu watoto hao uchawi na kuwatesa kwa siku kadhaa. Kristy alifariki siku ya Krismasi yenyewe, na mwaka 2012 wawili hao walihukumiwa kifungo cha maisha. Miongoni mwa mambo yaliyosikika mahakamani ni kwamba ushahidi wa uchawi wake ulipatikana katika nguo iliyolowa. Alikuwa amejikojolea.