Skrubu au parafujo?

Ukiomba parafujo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji kijana huenda akakutumbulia macho. Sema skrubu. Neno parafujo tulilirithi kwa Wareno, parafuso. Kamusi bado zinalitunza, maseremala wengi wamelitupa. Bahati yake bisibisi, iwe ya bapa au ya nyota, haijapata mpinzani.

Vyovyote utakavyoiita, kagua hesi, yaani mizunguko iliyochongwa mwilini mwake, kabla hujalipa. Ziwe kali, zenye kina: paina ya Sao Hill, kule Mufindi mkoani Iringa, ni mbao laini, na hesi za juujuu haziishiki. Kisha jaribu bisibisi kichwani mwa skrubu papo hapo dukani. Ikicheza, kichwa kitalika skrubu haijazama hata nusu, na utaing'oa kwa koleo.