Nani Kapanga Nyimbo? Safari ya Muziki wa Shughuli Pwani ya Barani

Kanda ya kaseti ya dakika 60 ilibeba dakika 30 kila upande. Wimbo wa taarabu, mwimbaji akiwa na raha na udi ukiachiwa nafasi ya kusema, hupita dakika 10 bila taabu. Basi mtu wa Malindi aliyeingia duka la kurekodi miaka ya 1980, na kanda tupu na karatasi yenye majina ya nyimbo, alijua upande mmoja utachukua nyimbo mbili, au tatu zikibanwa. Wimbo wa kumpokea bibi harusi ulitangulia. Ule wa mafumbo makali ulifikiriwa mara mbili: nani atakuwapo, na nani atadhani anasemwa yeye? Kazi ikiisha, vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda vilivunjwa, asije mtu akarekodi juu yake.

Siku hizi orodha kama ile huitwa pleilisti na hukaa ndani ya simu. Lakini katika pwani hii ya Barani, kutoka Mtwapa na Kilifi hadi Malindi na Mambrui, kupanga nyimbo kwa kufuata shughuli na hali ya watu ni kazi kongwe kuliko mashine yoyote ya muziki. Na ilikuwa na mwenyewe: mtu aliyewajua waliohudhuria, na aliyeulizwa shughuli ikiharibika.

Kila pepo na wimbo wake

Miongoni mwa Wamijikenda, kayamba, ala bapa ya mabua iliyotiwa mbegu ndani, hutikiswa usiku kucha katika ngoma ya matibabu. Mganga huanza na nyimbo za pepo wa kabila moja, kisha huhamia la pili na la tatu: wa Kiarabu, wa Kisomali, wa Kimaasai. Macho yake hayatoki kwa mgonjwa. Mabega yakianza kutikisika, wimbo hurudiwa na kukolezwa. Mgonjwa asiposhtuka, wimbo huachwa na mwingine huanzishwa. Orodha ile haiandikwi nyumbani ikaja imekamilika. Hupangwa palepale, kwa kumtazama mtu.

Shughuli nyingine nazo zilikuwa na ngoma zake. Mwanzele wa Wagiriama hupigwa harusini na hata matangani, kwa maneno yanayofaa mahali penyewe. Kifudu ni ngoma ya msiba. Katika miji ya Waswahili, harusi ilikwenda kwa hatua: vugo, wanawake wakigonga pembe za ng'ombe kwa vijiti, chakacha, wanawake peke yao, maulidi na dufu, kisha taarabu. Mambrui hadi leo ni mji unaotajwa kwa maulidi yake. Waliolinda mpangilio huu walikuwa makungwi na mama wa makamo. Aliyepeleka chakacha mbele ya baba wakwe angeonekana amekosa adabu.

Sauti ya asiyekuwapo

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi. Santuri za wakati ule, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua kama dakika tatu upande mmoja, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa ukafupishwa. Hata hivyo, mwenye gramafoni sasa aliweza kumwalika nyumbani mwimbaji aliye mbali, na kuamua ni wimbo upi utangulie.

Miaka ya 1960 na 1970 Mombasa ilikuwa na watoaji wake wa santuri. Assanand & Sons walikuwa na lebo ya Mzuri; Mbwana Radio Service ilikuwa Mji wa Kale. Kaseti, iliyozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyogeuza mambo zaidi. Harusi zenyewe zikarekodiwa, vigelegele na yote, na nakala zikasambaa pwani nzima. Msikilizaji akawa na wa kumchagua kwa kila hali. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na udi wake, alikuwa wa kusikilizwa kwa utulivu. Juma Bhalo na mahadhi yake ya Kihindi aliwafaa waliochomwa na mapenzi. Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, wenye mapigo ya chakacha, waliwainua watu vitini. Waliotaka saksafoni na dansi ya kistaarabu walikuwa na muziki wa bango wa Joseph Ngala wa Frere Town, ambao mpaka sasa haukosi kwenye karamu za Rabai na Kilifi.

Redio nayo ilishiriki. Sauti ya Mvita ilisikika pwani miaka ya 1950. Baadaye, enzi za Sauti ya Kenya na KBC, watu walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya ndugu na kuomba wimbo. Mtangazaji alikuwa mpangaji wa nyimbo za taifa zima, lakini kila wimbo ulikwenda kwa watu waliotajwa kwa majina.

Wimbo usiojua msiba

Kisha zikaja sidii, memori kadi na flashi. Kijana wa kibandani alikujazia nyimbo mia kadhaa kwa mara moja, na haja ya kuchagua ikapungua. Madhara yake yameonekana wazi zaidi msibani. Disko matanga, muziki wa spika kubwa usiku wa maombolezo ili familia ichangishe fedha, ulienea vijijini Kilifi na Kwale. Maafisa wa utawala wameupiga marufuku mara kadhaa, wakiuhusisha na mimba za wasichana wadogo. Umaskini una sehemu yake, kwa kuwa maziko ni gharama na familia hutafuta pa kuipata. Lakini muziki ule ungeweza kuchezwa klabuni vilevile, bila kubadilishwa hata wimbo mmoja. Hakuna aliyeupanga kwa ajili ya marehemu wala kwa ajili ya waliofiwa. Marufuku ya chifu huzima spika, ila haimpi mfiwa wimbo wa kumliwaza.

Simu si adui katika jambo hili. Inaweza kubeba mwanzele, kifudu, Zein na bango kwa pamoja, jambo ambalo kanda ya dakika 60 isingeliweza kamwe. Kinachokosekana ni yule mtu wa karatasi. Kila kamati ya harusi au ya matanga humteua mweka hazina. Imteue na mpangaji wa nyimbo, akae na wazee na akina mama, aulize nani anakuja na kipi kisipigwe. Na dijei apewe majina ya wageni kabla hajaunganisha spika.