Kukoroma na kukatika pumzi usingizini: mtu hupimwaje?

Hapa Garsen mtu akikoroma tunamcheka, na akishtuka usiku akitweta twasema kakabwa na jinamizi. Mara nyingine si jinamizi. Ni maradhi ambayo madaktari huyaita apnea ya usingizi: nyama za koo hulegea, njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha ubongo humgutua akavuta hewa kwa kishindo. Hayo yaweza kumrudia mara 30 kwa saa moja na asubuhi asikumbuke hata mara moja.

Kwa hivyo shahidi ni yule mnayelala naye chumba kimoja. Mwambie akurekodi kwa simu dakika chache, uende nazo kwa daktari. Mtajie pia kama waamka kichwa kikiuma, wasinzia barazani mchana, au presha haishuki ijapokuwa wameza dawa. Wanene na wenye shingo inayozidi sentimita 40 wako hatarini zaidi, lakini wembamba nao hupata, na watoto wenye mafindofindo.

Ninaowahofia zaidi ni madereva wa usiku kati ya Mombasa, Garsen na Lamu. Miraa humfumbua dereva macho, haimfungui koo.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wataangalia presha, sukari na shingo. Usiridhike na kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni ukiwa macho. Mchana waweza kuonekana mzima kabisa. Kipimo chenyewe ni cha usiku, ukiwa umelala, hospitalini au nyumbani: mshipi kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Huhesabiwa pumzi imekatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Chini ya 5 kwa mtu mzima ni kawaida, 5 hadi 14 ni hafifu, 15 hadi 29 ni wastani, 30 kwenda juu ni kali. Ukipewa rufaa ya Malindi au Mombasa, piga simu kwanza uulize kama kifaa kipo na ni bei gani, ndipo ulipe nauli.

Tiba ipo. Wengine huambiwa wapunguze uzani na walale ubavu. Wenye hali kali hupewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Dawa za usingizi za dukani msimnunulie, maana baadhi yake hulilegeza koo zaidi.