Anayetafuta Ukoo wa Kislavi Aanzie Kijijini

Watu wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki wanapoanza kutafuta nasaba zao hulikimbilia jina la ukoo. Huuchambua mzizi wake, hulisaka katika orodha za makabaila wa kale, na wakimkuta mtu mashuhuri aliyeitwa hivyohivyo karne nne zilizopita, humfanya babu yao. Njia hiyo imewapoteza wengi. Kwa familia nyingi za Waslavi, hasa zile zilizotokana na wakulima, jina la ukoo lina umri mdogo kuliko kanisa la kijiji chao, na mara nyingi hawakulitunga wao. Lilitungwa au kugandishwa na karani wa kodi, padri, afisa wa jeshi au bwana wa shamba, kila mmoja kwa haja zake. Kwa hiyo jina hilo hutuonyesha kwanza jinsi watu walivyotawaliwa. Habari za damu huja baadaye, tena kwa sharti kwamba kijiji kimekwisha kujulikana na daftari la ubatizo limekwisha kufunguliwa.

Chukua Urusi. Hadi katikati ya karne ya 19, mamilioni ya Warusi walikuwa watwana, watu waliofungwa kwenye ardhi ya bwana wao na wasioweza kuhama bila idhini yake. Tangu enzi za Peter Mkuu serikali iliwahesabu ili ijue nani alipiwe kodi ya kichwa na nani apelekwe jeshini. Hesabu hizo zilifanyika mara kumi, ya kwanza ikianza 1719 na ya mwisho 1857. Katika madaftari yake mkulima mara nyingi huonekana kwa jina lake na la baba yake tu: Ivan Petrov, yaani Ivan wa Petro. Mwanawe Vasili huandikwa Vasili Ivanov. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kufafanuliwa zaidi, kwani ndivyo mtoto wa Salum bin Ali anavyokuwa Hamisi bin Salum. Anayedhani kwamba Petrov na Ivanov ni koo mbili atamtenga mtoto na baba yake. Watwana walipoachiwa huru 1861, wakawa raia wa kuandika mikataba na kudai ardhi, wengi ndipo walipopata jina lisilobadilika: kwa huyu likawa jina la babu, kwa yule lakabu ya kijijini, kwa mwingine jina la kabaila aliyemmiliki. Mwaka 1888 Seneti ya Urusi bado ililazimika kutangaza kwamba kuwa na jina la ukoo si haki tu, ni wajibu. Tangazo la namna hiyo halitolewi mahali ambapo kila mtu analo tayari.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, umo katika familia za mapadri wa Kiorthodoksi, kwa sababu hawa walijua kusoma na kuandika, na bado majina yao yalitungwa na wengine. Mtoto wa padri wa kijijini alipofika seminari, wakuu wake waliweza kumpa jina jipya la ukoo kutokana na sikukuu ya kanisa: Troitsky kwa Utatu, Voskresensky kwa Ufufuko, Preobrazhensky kwa Kugeuka Sura. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kumaliza masomo wakiwa na majina mawili tofauti. Mikhail Speransky, aliyezaliwa 1772 na kuja kuwa mshauri mkuu wa Kaizari Alexander wa Kwanza, alikuwa mtoto wa padri wa kijijini asiye na jina la kudumu; la kwake alilipata seminari mjini Vladimir, likichotwa katika neno la Kilatini la kutumaini. Makabaila nao walikuwa na desturi yao. Mtoto wa nje ya ndoa alipewa jina la baba lililokatwa kichwa: Ivan Betskoy, aliyesimamia elimu katika utawala wa Catherine wa Pili, alikuwa mtoto wa Mwanamfalme Trubetskoy. Aliyebeba jina zima na aliyebeba nusu walikuwa damu moja, na sheria ndiyo iliyowatenga.

Katika nchi zilizokuwa chini ya Austria mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafikia palepale. Katika vijiji vya Wacheki na Waslovenia nyumba yenyewe ilikuwa na jina, na mtu aliitwa kwa nyumba aliyoishi. Mwanamume aliyeoa binti mrithi akahamia kwa wakwe aliweza kuanza kuitwa kwa jina la shamba hilo, na watoto wake wakazaliwa nalo. Ndiyo maana katika madaftari ya zamani mtu mmoja hutajwa kwa majina mawili, katikati pakiwa na neno la Kilatini la kuonyesha kwamba anaitwa pia hivi. Mwaka 1770 utawala wa Maria Theresa ulianza kuzipa nyumba namba ili jeshi lijue pa kuwapata vijana. Kisha mwanawe, Joseph wa Pili, akatoa amri, maarufu zaidi ikiwa ya 1786, kwamba jina la ukoo lisibadilishwe tena na mtoto achukue la baba. Tangu hapo mkono wa serikali ukaligandisha jina lolote lililokutwa siku ile, liwe la shamba, la kazi au la utani. Novák, jina linaloongoza kwa wingi Ucheki, lilimwita mtu mgeni aliyehamia karibuni. Kila kijiji kilikuwa na mgeni wake, kwa hiyo akina Novák hawana babu mmoja na hawajawahi kuwa naye.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wanyonge, na kwamba watawala angalau walijua koo zao. Serbia inajibu hoja hiyo. Nasaba ya kifalme ya Obrenović ilitokana na Miloš, kiongozi wa uasi wa 1815 dhidi ya Waturuki. Baba yake Miloš aliitwa Teodor, na Miloš alizaliwa akiwa Teodorović. Obren alikuwa baba wa Milan, kaka yake wa mama mmoja, na Miloš akalichukua jina la kaka huyo. Wafalme wa Serbia wakabeba, hadi nasaba ilipokatika 1903, jina la mtu ambaye hawakutokana naye. Ni mwaka 1851 ndipo serikali ya Serbia ilipoagiza wananchi wake washike majina ya kudumu.

Pingamizi la kweli linatoka Poland. Huko makabaila walishika majina mapema, tangu karne ya 15 na ya 16, kwa kujiita kwa vijiji walivyomiliki: bwana wa Tarnów akawa Tarnowski. Nakubali kwamba kwa tabaka hilo jina linaweza kumfikisha mtafutaji mbali. Hata hivyo, ndugu wawili waliorithi vijiji viwili waliweza kuanzisha majina mawili, na nembo moja ya ukabaila ilitumiwa na mamia ya familia zisizo na udugu. Baadaye watu wa mijini na wakulima nao wakapenda mwisho huohuo wa -ski, hata mtoto wa mhunzi akawa Kowalski. Kumwona Kowalski ukadhani umemwona kabaila ni kosa ambalo limetengeneza vitabu vingi vya ukoo visivyo na thamani.

Pingamizi jingine ni kwamba viishio vya majina hutaja nchi: -enko kwa Waukraine, -ić kwa Waslavi wa kusini. Hilo ni kweli kwa kiasi. Orodha ya wapiganaji wa Kikozaki ya 1649, yenye watu wapatao 40,000, imejaa akina -enko. Lakini Wakozaki wa vizazi vya baadaye walipelekwa Kuban kuanzia 1792, na katika karne zilizofuata wakulima wa Ukraine walienea hadi Siberia na pwani ya Pasifiki. Kiishio kinakwambia kwamba babu mmojawapo alitoka Ukraine. Hakikwambii alitoka wilaya gani wala lini. Kovačević, vivyo hivyo, ni jina la Waserbia, Wakroatia na Wabosnia. Kinachotenganisha familia hizo ni kama zimeandikwa katika daftari la Waorthodoksi, la Wakatoliki au katika kumbukumbu za Waislamu.

Madaftari yenyewe yana maisha tele. Mtaguso wa Trento ulipomalizika 1563 ulikuwa umewaagiza maparoko wa Kikatoliki waandike ubatizo na ndoa. Mwaka 1784 Joseph wa Pili aliyageuza madaftari ya dola yake kuwa jedwali: namba ya nyumba, jina la mtoto, dini, jinsia, kama amezaliwa ndani ya ndoa, wazazi, wasimamizi. Mtafutaji mwenye busara hufuata safu ya namba ya nyumba, kwa kuwa jina likibadilika nyumba hubaki palepale. Katika Poland iliyokuwa chini ya sheria za Napoleon, kuanzia 1808, kila uzazi uliandikwa kama hadithi fupi: saa fulani alifika fulani, mkulima wa kijiji fulani, mwenye umri huu, mbele ya mashahidi hawa, akatuonyesha mtoto, na mwisho mara nyingi husomwa kwamba baba na mashahidi hawajui kuandika. Sentensi hiyo ya mwisho inaeleza mengi. Mwenye jina hakuweza kulisoma, hivyo tahajia yake ilikuwa mali ya anayeandika. Kuanzia 1868 madaftari hayo yakaandikwa kwa Kirusi, na familia ileile ikavaa herufi nyingine. Kirusi hakina sauti ya h ya Kiukraine, kwa hiyo Hryhorenko akawa Grigorenko bila yeye kuulizwa.

Nimeshasikia ikidaiwa kwamba kufuata madaftari ni kazi bure kwa kuwa vita viliyateketeza. Hasara ilikuwa kubwa kweli. Hazina ya nyaraka za kale mjini Warsaw iliunguzwa na Wajerumani Septemba 1944. Lakini sheria za Napoleon, za Austria na za Kanisa la Urusi zote zilitaka nakala mbili, moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe mahakamani au kwa askofu. Ilipoungua moja, mara nyingi nyingine ilisalimika. Vipimo vya vinasaba navyo vinasaidia, ila vinaishia katika kuonyesha kwamba watu wawili ni ndugu. Ndugu kwa nani na wa kijiji kipi ni swali la karatasi.

Uhamiaji ndio unaothibitisha hoja hii kuliko kitu kingine. Husimuliwa kila mara kwamba maafisa wa Ellis Island, lango la New York lililofunguliwa 1892, waliwabadilishia wahamiaji majina. Kumbe maafisa hao walifanya kazi kwa orodha zilizoandaliwa na kampuni za meli huko Ulaya, wakihakiki jina lililokwisha kuandikwa. Mabadiliko mengi yalifanywa baadaye na wahamiaji wenyewe au watoto wao, kwa ajili ya kazi, shule na majirani. Mchoraji Andy Warhol alizaliwa Pittsburgh 1928 akiwa Andrew Warhola, akaikata herufi ya mwisho mwenyewe. Wazazi wake walikuwa Warusini, watu wa Kislavi tofauti na Warusi, kutoka Miková, kijiji kilichokuwa chini ya Austria na Hungaria, kikawa Chekoslovakia, na leo ni Slovakia. Muulize jina Warhol likwambie habari za dini, lugha na nchi tatu, halitajibu. Tamka Miková, na mlango wa daftari la parokia unafunguka.

Na habari hii imefika hadi kwetu. Mwaka 1940 na 1941 dola ya Kisovyeti iliwahamisha kwa nguvu raia wa mashariki ya Poland hadi Siberia na Asia ya Kati. Walioachiliwa walipitia Iran 1942, na wapatao 18,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyopata kuwa na watu kama 5,000. Uganda palikuwa na Koja na Nyabyeya, ambako kanisa walilolijenga bado limesimama. Makaburi ya Tengeru, yapatayo 150, yana Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, na vijiji walikotoka leo vimegawanyika kati ya Ukraine, Belarus na Lithuania. Wajukuu wa waliopona wametawanyika Uingereza, Kanada na Australia wakiwa na jina tu mkononi. Yeyote Meru, Masindi, Iringa au Morogoro aliyebaki na picha, barua au masimulizi ya wazee kuhusu kambi hizo, ayaandike sasa, na kando ya kila jina la mtu aandike jina la kijiji alichosema kwamba ametoka, hata kama hajui kulitamka sawasawa.